Taa ya uani inayojiwasha giza likiingia: kuiunda kwa sola, LDR na LED

Banda la nguruwe au la kuku, choo cha nje, stoo ya viazi: kwenye nyumba nyingi za Mbeya, Njombe, Mufindi na Iringa vitu hivi viko nyuma ya nyumba, na njia ya kuvifikia haina taa. Mwongozo huu ni wa kuunda taa moja ya volti 12 ya kuweka huko. Inajiwasha yenyewe jua likishazama na kujizima kunapokucha. Inakula chini ya wati 3, na mwanga wake unakaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 25. Betri ndogo ya ampia-saa 7, ikiwa nzima na imejaa, inaibeba usiku wa kwanza kwa raha na wa pili kwa kubanwa, hata kama mchana wa katikati ulikuwa ukungu mtupu. Usiku wa tatu haifiki, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kununua chochote.

Kazi hii ina vifaa vitatu vinavyoshughulika na mwanga. Paneli hupokea mwanga ikatoa umeme. LED hupokea umeme ikatoa mwanga. LDR, yaani rezista inayohisi mwanga, haitoi kitu; ukinzani wake hushuka mwanga ukizidi na kupanda giza likiingia, basi. Anayeunganisha vyote kwa pamoja bila kupima kila kimoja peke yake huishia na taa isiyowaka, na hajui aanzie wapi kutafuta. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hapa chini ni kupima kabla ya kulehemu.

Kuna jaribio dogo linalofaa kufanywa kwanza, kwa sababu linafungua macho. Chukua LED nyekundu ndogo yenye plastiki angavu, gusisha ncha za mita kwenye miguu yake miwili, mita ikiwa kwenye volti za DC, kisha ielekeze kwenye jua la mchana. Utasoma volti 1 na ushee, mara nyingi karibu na 1.5. Hakuna betri popote. Ifunike kwa kidole, namba inaporomoka. LED na paneli ni ndugu wa damu: zote ni tabaka mbili za semikondakta zilizokutanishwa. Ukiingiza umeme unatoka mwanga, ukiingiza mwanga unatoka umeme. Tofauti ni kwamba paneli imetandazwa iwe pana ili inase jua jingi, na LED imefanywa punje ili mwanga utoke kwa nguvu mahali padogo.

Vifaa

Kwa upande wa umeme: paneli ya wati 20 yenye seli 36, betri ya asidi iliyofungwa ya volti 12 na ampia-saa 7, chaji kontrola (kifaa kinachosimamia uchaji wa betri) ndogo ya ampia 5 au 10, fyuzi ya ampia 2 na kishikio chake, na waya wa milimita za mraba 1.5. Kwa upande wa taa: LED nyeupe 3 za wati 1 zilizokwisha kubandikwa kwenye nyota za alumini, rezista ya omu 15 ya wati 2, kipande cha bati la alumini chenye unene wa milimita 2 na ukubwa wa kiganja (sentimita 10 kwa 10 kinatosha), na grisi nyeupe ya kupitishia joto. Kwa upande wa kuhisi giza: LDR ya GL5528, mosfeti IRFZ44N (swichi inayofunguliwa kwa volti badala ya kidole), rezista ya kiloomu 22, rezista ya kuzungusha ya kiloomu 100, kapasita ya mikrofaradi 47 ya volti 25, na kibao cha matundu cha kulehemea. Haya yote si vifaa adimu. LDR na mosfeti mara nyingi hupatikana pia kwenye mbao za zamani kwa mafundi redio.

Neno kuhusu LED za kuokota. Watu wengi wana balbu za LED za umeme wa gridi zilizokufa na hutaka kutumia vidonge vyake. Vidonge hivyo vinafanana kwa sura lakini havifanani kwa volti: kimoja kinaweza kuwa cha volti 3, kingine cha 9, kingine cha 18, kwa sababu ndani ya kidonge kimoja kuna punje kadhaa zilizofuatana. Kipime kwa betri ya volti 9 na rezista ya kiloomu 1 katikati. Kikiwaka vizuri na mita ikasoma karibu volti 3 kwenye miguu yake, kinafaa. Kisipowaka kabisa usikitupe bado, huenda kinataka volti nyingi zaidi. Ila kwa kazi hii hakitufai.

Na jambo la haki kulisema: chaji kontrola nyingi ndogo zina uwezo wa kuwasha taa usiku zenyewe, zikitumia paneli kama jicho. Volti za paneli zikishuka karibu na sifuri, kontrola inajua ni usiku. Kama paneli yako inahudumia taa hii tu, njia hiyo inatosha na unaweza kuruka sehemu ya LDR. LDR ina maana pale ambapo kontrola hiyohiyo inachaji simu na kuwasha redio mchana, au unapotaka kuchagua mwenyewe taa iwake giza likiwa limefika wapi.

Pima kwanza

Paneli ipimwe juani, saa 5 hadi saa 8 mchana, siku isiyo na mawingu. Volti zake bila kuunganishwa na kitu ziwe 20 hadi 22. Kisha hamisha waya mwekundu wa mita uende tundu la ampia 10, gusisha ncha zote mbili kwenye paneli moja kwa moja, usome ampia. Paneli ya wati 20 ya kweli inatoa karibu ampia 1.1 hadi 1.2. Ikitoa 0.6, umeuziwa ya wati 10 yenye kibandiko cha 20. Kipimo hiki kwenye paneli hakina madhara, lakini usithubutu kukifanya kwenye betri. Mita itaungua na waya zitakuunguza. Ukimaliza rudisha waya mwekundu kwenye tundu lake la volti, maana hapo ndipo mita nyingi huuawa.

Rudia kipimo hicho siku ya ukungu. Volti zitabaki 18 au 19, karibu zilezile, lakini ampia zitashuka hadi 0.1 au 0.2. Hili linawapoteza wengi wa Tukuyu na Mufindi: wanapima volti asubuhi ya ukungu, wanaona 19, wanasema paneli inachaji. Haichaji, au inachaji kama bomba linalodondosha. Volti za paneli zinakuambia kwamba kuna mwanga. Ni kiasi gani, utakijua kwa ampia.

LDR ipimwe kwa omu. Kivulini mchana itasoma omu mia kadhaa hadi elfu moja hivi. Ifunike kwa kiganja, ipande hadi makumi ya kiloomu. Itie kwenye kopo lenye kifuniko na usubiri nusu dakika. Ivuke megaomu 1. Kusubiri ni lazima, kwa kuwa LDR ina kumbukumbu: ikitoka kwenye jua kali haipandi papo hapo. Ikigoma kuvuka kiloomu 200 gizani, iweke kando, imeingia unyevu au ni mbovu.

LED zipimwe kwa betri ya volti 12 na rezista ya kiloomu 1. Usitegemee alama ya dayodi kwenye mita. Mita nyingi za bei nafuu hazitoi volti za kutosha kuamsha LED nyeupe, nawe utaihukumu nzima kuwa mbovu. LED nyeupe inataka takriban volti 3, wakati nyekundu inaridhika na 2. Sababu ni kwamba LED nyeupe kwa asili ni ya bluu: ukiitazama ikiwa imezimwa utaona unga wa njano umefunika punje, na ni unga huo unaogeuza sehemu ya bluu kuwa njano ili macho yaone nyeupe. Kupata LED ya bluu yenye nguvu kulichukua miaka mingi, na wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo.

Kuunda taa yenyewe

Panga LED tatu kwa mfululizo: jumlisha (+) ya pili iguse toa (-) ya kwanza, na kuendelea. Zikiwaka, tatu hizo zinachukua karibu volti 9.2. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, ina 12.7. Zinabaki volti 3.5, na hizo ndizo rezista inazimeza: 3.5 gawanya kwa 15 ni ampia 0.23. LED hizi zimeandikiwa hadi ampia 0.35, kwa hiyo tumezibana kwa makusudi. Zinatoa mwanga pungufu kidogo, zinabaki za baridi, na betri inapumua.

Rezista nayo inapata moto: 0.23 mara 0.23 mara 15 ni karibu wati 0.8. Ukiweka ya robo wati itageuka nyeusi wiki ya kwanza. Ukikosa ya wati 2, unganisha rezista nne za omu 56 za nusu wati sambamba; zinatoa omu 14, na joto linagawanyika.

Swali linaloulizwa sana ni kwa nini tusiweke LED nne, tuache rezista. Nne zinataka volti 12.2 hivi. Betri ikishuka kutoka 12.7 hadi 12.2, ambayo bado ni nusu ya chaji, taa inakuwa mshumaa. Na bila rezista hakuna kinachozuia ampia: LED ikiongezewa sehemu ya kumi tu ya volti, ampia zake zinaruka kwa kiasi kikubwa, inapata moto, joto linashusha volti inazozihitaji, ampia zinaruka tena. Mwisho wake ni kidoa cheusi katikati ya unga wa njano.

Safisha bati la alumini kwa msasa, paka grisi nyembamba chini ya kila nyota, bana kwa skrubu. Nyembamba maana yake utelezi tu. Tabaka nene la grisi huzuia joto badala ya kulipitisha. Balbu ya waya ya zamani ilitupa joto lake mbele pamoja na mwanga. LED hulitoa mgongoni, na usipolipa njia linabaki ndani likiila punje. Baada ya nusu saa ya kuwaka, gusa bati kwa kidole: liwe vuguvugu. Ukishindwa kukiacha kidole hapo kwa sekunde 5, kuna nyota ambayo haijakaa sawa.

Kama unaweza kuchagua rangi, chukua nyeupe ya joto, ile ya Kelvini 3000, si ile ya bluubluu ya 6500. Inavuta wadudu wachache zaidi, na mwezi Novemba mvua zikianza utaelewa kwa nini hilo lina uzito.

Sakiti ya kuhisi giza

Shika mosfeti, maandishi yakikutazama, miguu chini. Mguu wa kushoto ni geti, wa kati ni dreni, wa kulia ni sosi. Sosi iende kwenye toa ya betri. Dreni iende kwenye toa ya mnyororo wa LED. Jumlisha ya LED, ikipitia rezista ya omu 15, iende kwenye jumlisha ya betri.

Sasa geti. Kutoka jumlisha ya betri weka rezista ya kiloomu 22, ifuatwe na ile ya kuzungusha ya kiloomu 100, kisha iguse geti. Kutoka geti hadi toa weka LDR. Sambamba na LDR weka kapasita ya mikrofaradi 47, mguu wake wa toa ukiwa upande wa toa.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Mchana LDR ina omu chache, inavuta geti chini hadi karibu volti 0, mosfeti imefunga. Giza likiingia LDR inapanda, volti za geti zinapanda nazo, zikipita 3 au 4 mosfeti inaanza kufungua, na usiku mzito geti inafika volti 11 hivi na njia iko wazi kabisa. Kwa muda mfupi wa machweo taa inawaka nusu nusu. Ukiwa na mzigo mkubwa hapo mosfeti ingepata moto, ila kwa ampia 0.23 haihisi chochote na haihitaji bati la kupoza.

Kapasita wengi huiona ya ziada, wanaiacha. Itie. Bila hiyo, kila radi ya Januari inazima taa kwa mpepeso, na gari likipita na taa zake kubwa vivyo hivyo. Ikiwapo, mwanga wa ghafla hauna muda wa kuishusha geti.

Usafi wa kibao una maana kuliko inavyodhaniwa. Rezista zetu za upande wa geti ni kubwa, hivyo hata njia nyembamba ya utomvu wa kulehemea uliochanganyika na unyevu inatosha kupotosha volti. Sugua kwa mswaki na spiriti, kausha, kisha paka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye miguu ya LDR na ya mosfeti. Na kabla ya kushika mosfeti mwezi wa Julai, hewa ikiwa kavu na umevaa sweta la nailoni, gusa kwanza bomba au chuma kilichogusa ardhi. Cheche usiyoihisi inatosha kutoboa geti.

Kuirekebisha jioni

Subiri jioni yenyewe. Kufunika LDR kwa kitambaa mchana hakutoi kipimo cha kweli. Zungusha rezista hadi katikati, toka nje, na maandishi ya gazeti yakianza kukupiga chenga, zungusha polepole hadi taa ianze kuwaka. Ukiongeza ukinzani, itawaka giza likiwa zito zaidi. Ukipunguza, itawaka mapema. Kwa vifaa tulivyotaja unaweza kuchagua kuanzia mwanga wa lumeni 14 hivi kwa mita ya mraba hadi kama 1. Siku za mawingu mazito ya Rungwe, ukiiweka kwenye upande wa mapema sana, itawaka kabla jua halijazama na kula chaji ambayo usiku utaihitaji.

Mahali pa kuweka LDR

Hapa ndipo taa nyingi za kuunda mtaani huharibikia, na kosa si la sakiti. LDR ikiuona mwanga wa taa yake yenyewe, inadhani kumekucha, inazima; giza linarudi, inawasha. Utaona taa inayowaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, au iliyokwama kwenye nusu nuru usiku kucha. Ukuta mweupe ulio mbele yake unatosha kurudisha mwanga huo.

Kata kipande cha bomba jeusi la plastiki chenye urefu wa sentimita 4, ingiza LDR mwishoni, kisha kifunge juu ya taa, chini ya ukingo wa bati la paa, mdomo ukitazama kusini na kuinama kidogo mvua isiingie. Kusini kwa sababu sehemu kubwa ya mwaka jua letu linapita upande wa kaskazini, na LDR inapaswa kuiona mbingu, si jua. Usiielekeze magharibi; jua la machweo litaichelewesha, na mwaka mzima haitakuwa na saa maalumu ya kuwaka.

Mlango wa bomba uzibwe kwa kipande cha plastiki angavu na silikoni. Chagua silikoni isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba. Baada ya miezi mguu wa LDR unakatika ukiugusa.

Ukungu una ujanja wake. Maji membamba yakitanda kati ya miguu miwili ya LDR, yanakuwa rezista nyingine iliyolala sambamba nayo. LDR inasema megaomu 1, maji yanasema kiloomu 20, na sakiti inasikia maji. Matokeo: taa inawaka vizuri usiku wa nyota, inagoma usiku wa mvua, pale hasa unapoihitaji. Ukikutana na ugonjwa huu usibadilishe mosfeti. Fungua bomba, kausha, paka rangi ya kucha upya, ziba.

Paneli juu ya paa

Elekeza paneli kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Aliye Mbeya mjini, kaskazini ni upande wa mlima Loleza. Aliye Tukuyu, ni upande wa mlima Rungwe. Paneli yenye urefu wa sentimita 48 ukiinua ukingo wake wa kusini kwa sentimita 10, umepata nyuzi 12. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari jua la adhuhuri linahamia kusini ya utosi, na watu huuliza kama wageuze paneli. Hapana. Mwinamo ni mdogo, hasara yake ni ndogo, na katika miezi hiyo kinachokunyima umeme ni mawingu. Usiilaze tambarare kabisa pia; mvua ishuke ikiiosha, vinginevyo vumbi la Isimani au la Usangu linajikusanya kwenye ukingo wa chini likafunika mstari mzima wa seli.

Kivuli kidogo kina madhara makubwa. Unganisha mita ya ampia kwenye paneli, funika seli moja tu kwa kiganja, utazame. Seli ni 36, ungetegemea upungufu wa sehemu moja ya 36. Ampia zitaporomoka hadi pengine robo au chini ya hapo, kwa sababu seli zimefuatana kama watu wanaopokezana ndoo, na aliyelala mmoja anasimamisha mstari. Jani la mgomba linalopepea juu ya kona ya paneli linaweza kukuibia zaidi ya siku nzima ya mawingu mepesi. Kata jani, au sogeza paneli.

Baridi yetu, kwa upande mwingine, ni rafiki wa paneli. Volti zake hupanda kiasi cha asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja ya joto inayopungua. Acha nafasi ya angalau sentimita 5 kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Kama unatumia nguzo, mlingoti mkavu unafaa. Mbichi utajipinda na paneli itageuka nao.

Betri na mpangilio wa kuunganisha

Betri haipendi baridi kama paneli. Ikikaribia nyuzi 0, betri ya asidi hupoteza karibu sehemu ya tano ya uwezo wake. Usiku wa Julai huko Kitulo na Makete baridi hufika chini ya hapo, kwa hiyo betri ilale ndani ya nyumba, waya utoke nje. Kwa waya wa milimita 1.5, umbali wa mita 15 kati ya paneli na kontrola unapoteza chini ya nusu volti, na hilo linavumilika. Ukiwa na betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, angalizo ni kali zaidi: isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0.

Fyuzi iwe kwenye waya wa jumlisha, kiganja kimoja kutoka betri, si mwisho wa waya. Kisha unganisha kwa mpangilio huu: betri kwenye kontrola kwanza, paneli ya pili, taa ya mwisho. Ukibomoa, rudi nyuma kwa mpangilio huohuo: taa, paneli, betri. Sababu si mila. Betri ndiyo inayoishikilia kontrola kwenye volti 12. Ukiitoa paneli ikiwa bado imeungwa, volti 20 zinaweza kupita hadi kwenye taa, na geti ya mosfeti ina mwisho wake hapo hapo kwenye 20.

Taa iungwe kwenye matundu ya mzigo ya kontrola, si moja kwa moja kwenye betri, ili kontrola ikate betri ikishuka sana. Na matundu hayo yawekwe katika hali ya kutoa umeme saa 24. LDR ndiyo itakayoamua. Watu wengi husahau hili, kontrola inazima mchana na kuwasha usiku kwa saa tatu tu, wanalaumu LDR.

Hesabu ya mwisho kabla ya kupanda paa: saa 12 za kuwaka mara ampia 0.22 ni ampia-saa 2.6. Ongeza theluthi kwa hasara za betri na kontrola, inakuwa 3.5. Paneli inayotoa ampia 1.1 inahitaji jua kamili la saa 3 na kidogo, na hata siku nyingi za masika zinatoa kiasi hicho au karibu nacho. Ukitaka LED sita badala ya tatu, usiongeze taa peke yake: paneli iwe ya wati 40 na betri ya ampia-saa 12 au zaidi.

Ikigoma

Taa inawaka mchana kutwa: LDR imekatika mguu, au buibui ametandaza utando mdomoni mwa bomba. Angalia buibui kwanza. Taa haiwaki kamwe: pima volti kati ya geti na toa, ukiwa umefunika LDR. Zikiwa 10 na zaidi lakini hakuna mwanga, tatizo liko kwenye mosfeti au mnyororo wa LED. Unganisha dreni na sosi kwa kipande cha waya, taa ikiwaka mosfeti imekufa, isipowaka tafuta LED yenye kidoa cheusi. Zikiwa chini ya 2, ni unyevu, au kapasita inavuja. Ing'oe upime tena.

Taa inazima saa 8 usiku: pima betri asubuhi kabla ya jua, taa ikiwa imeondolewa kwa nusu saa. Volti 12.2 ni nusu ya chaji, 11.8 ni tupu. Ikiwa jioni ilikuwa 12.7 na asubuhi ni 11.8 kwa taa hii ndogo, betri imechoka. Ikiwa jioni haikufika 12.5, betri haina kosa. Panda ukafute paneli kwa kitambaa na maji, asubuhi kioo kikiwa bado baridi, na uangalie kama mgomba haujachipuza tena.

LDR iliyokufa isitupwe jikoni kwenye moto wala shimoni karibu na kisima. Ile mistari myekundu ya kujipinda usoni mwake ni unga wa kadimiamu, sumu kwa figo. Ihifadhi kwenye kichupa pamoja na betri mbovu, uvipeleke kwa wanaonunua betri kuukuu.